Subramania Bharati, malenga wa Kitamil na uhuru wa India: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja uhuru wa India, wengi wetu tunamkumbuka Gandhi, halafu Nehru, basi. Kusini mwa nchi hiyo, kwa wasemao Kitamil, kuna jina ambalo mtoto hulijua kabla hajajua kuandika: Bharati. Majibu haya ni ya anayelisikia kwa mara ya kwanza na ya yule aliyelisikia juujuu. Nitangulize msimamo wangu. Bharati humwelewi ukimtazama kama mshairi tu. Riziki yake aliipata kwenye magazeti, na tungo zake nyingi za siasa zilizaliwa humo humo, kati ya simu za habari na mashine ya chapa.

Bharati ni nani?

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1882 Ettayapuram, mji mdogo wa kusini uliokuwa na raja wake chini ya himaya ya Waingereza. Leo uko katika jimbo la Tamil Nadu. Mama yake, Lakshmi Ammal, alifariki mtoto akiwa na miaka 5. Baba yake, Chinnaswami Iyer, alitaka kijana asome hesabu na Kiingereza, lakini kijana akapenda vina. Alipokuwa na miaka 11 wajuzi wa mashairi wa Ettayapuram walimpima, wakamvika jina la heshima Bharati, moja ya majina ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Jina hilo likamganda, na la kuzaliwa likabaki nyuma. Alifariki Septemba 1921, hajatimiza hata miaka 39.

Ni kweli alioa akiwa mtoto?

Kweli. Mwaka 1897 aliozwa Chellamma. Yeye alikuwa na miaka 14, bibi harusi 7. Ndiyo ilikuwa desturi ya Wabrahmini wa huko, tabaka la juu la makuhani wa Kihindu, wakati ule. Baadaye Bharati aliipinga ndoa ya utotoni kwa maandishi makali kabisa. Walijaliwa mabinti wawili, Thangammal na Shakuntala.

Alisoma wapi?

Sehemu ya elimu yake aliipata Tirunelveli, lakini kilichombadilisha ni Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganga, ambao pia huitwa Varanasi. Mwaka 1898 baba yake alifariki akiwa amefilisika, baada ya kiwanda chake cha pamba kumshinda. Yatima huyu akachukuliwa na shangazi yake aliyekuwa akiishi Kashi. Huko alijifunza Kihindi na Kisanskriti, akasoma washairi wa Kiingereza, akafuga masharubu na kuanza kufunga kilemba. Kwa Mbrahmini wa Kitamil masharubu yale yalikuwa vituko. Picha yake inayojulikana leo, ya kilemba cheupe na macho makali, ilianzia pale.

Aliingiaje kwenye magazeti?

Aliporudi kwao alimtumikia raja wa Ettayapuram kwa muda: kumsomea magazeti, kumtungia mashairi, kupiga naye soga. Kazi ya kumchekesha tajiri haikumkalia vizuri. Mwaka 1904 alifundisha Kitamil katika shule moja ya Madurai kwa miezi michache tu, kisha akaitwa Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi, kuwa mhariri msaidizi wa gazeti la kila siku la Swadesamitran. Mwenye gazeti alikuwa G. Subramania Iyer, mwanahabari mzoefu.

Hapa tutulie kidogo. Kazi yake ya kila siku pale ilikuwa kufasiri hotuba na habari za Kiingereza kwa Kitamil kabla gazeti halijaenda kuchapwa. Kitamil cha wanazuoni wa enzi hizo kilijaa maneno mazito ambayo mchuuzi wa sokoni hayaelewi. Mhariri hana muda wa mapambo, anataka sentensi iingie akilini mara moja. Naamini chuo chake cha ushairi kilikuwa hicho, kuliko baraza la raja. Katika utangulizi wa utenzi wake mkubwa Panchali Sapatham, miaka kadhaa baadaye, alieleza mwenyewe kwamba anayetunga kwa maneno mepesi, kwa mtindo mwepesi, kwa bahari iliyo rahisi kushikika na kwa mahadhi yanayopendwa na watu wa kawaida, huyo ndiye anayeipa lugha ya mama uhai mpya. Maneno hayo yangeweza kubandikwa ukutani katika chumba chochote cha habari.

Siasa ilimwingia lini?

Mwaka 1905. Lord Curzon, mtawala mkuu wa Kiingereza nchini India, aliligawa jimbo la Bengal vipande viwili, na India nzima ikawaka. Watu walisusa nguo za Uingereza na kudai bidhaa za kwao; harakati hiyo ikaitwa Swadeshi. Bharati alikwenda mkutano wa chama cha Congress uliofanyika Kashi Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata akashika usukani wa gazeti jipya la kila wiki, India, lililochapwa kwenye karatasi nyekundu. Wekundu ule ulikuwa tangazo la mapinduzi ambalo hata asiyejua kusoma aliliona. Gazeti hilo ndilo lililozoesha wasomaji wa Kitamil vibonzo vya siasa.

Mwaka 1907 mwanasheria mmoja tajiri wa Madras, V. Krishnaswami Iyer, alisikia nyimbo zake. Kisiasa walikuwa kambi tofauti kabisa, mmoja wa wastani na mwingine wa msimamo mkali. Hata hivyo mzee yule alichapa kijitabu cha nyimbo tatu, nakala 15,000, akazigawa bure.

Sista Nivedita alimfanyia nini?

Akirudi kutoka mkutano wa Kashi, Bharati alipitia Calcutta kumwona Nivedita, mwanamke wa Kiayalandi aliyezaliwa Margaret Noble na kuwa mfuasi wa Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu. Nivedita alimuuliza kwa nini hakuja na mkewe. Bharati akajibu kwamba kwao si desturi kwenda na mke kwenye mikutano. Alilaumiwa papo hapo: utaikomboaje nchi ilhali nusu ya watu wake umewafungia ndani? Hakuusahau mkutano ule. Alimwita Nivedita mwalimu wake na kumtunukia vitabu viwili vya mashairi, cha 1908 na cha 1909. Alirudi nyumbani akaanza kutembea barabarani bega kwa bega na Chellamma, majirani wakipiga kelele.

Habari za meli za Tuticorin zinamhusu vipi?

Zinamhusu sana, na ndizo zilizompeleka uhamishoni.

V. O. Chidambaram Pillai, wakili wa bandari ya Tuticorin na rafiki wa Bharati, alianzisha mwaka 1906 kampuni ya meli ya wazawa kwenda Colombo. Mpinzani wake alikuwa British India Steam Navigation Company. Wazee wa Mombasa na Unguja wanaweza kulikumbuka jina hilo, kwa maana meli za kampuni hiyo hiyo zilibeba abiria na shehena kati ya Bombay na pwani yetu kwa miongo mingi. Waingereza walishusha nauli, Chidambaram naye akashusha. Waingereza wakafika mahali pa kuwapakia abiria bure, na inasimuliwa kwamba waliwagawia miavuli juu yake.

Machi 1908 Chidambaram alikamatwa pamoja na mwenzake Subramania Siva kwa hotuba za uchochezi. Tirunelveli ikalipuka kwa ghasia, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Bharati alikwenda mahakamani kutoa ushahidi wa upande wa marafiki zake. Hukumu ikawa kifungo cha maisha, kilichopunguzwa baadaye kwa rufaa. Katika jela ya Coimbatore wakili yule alifungwa kwenye kinu cha mafuta akikizungusha mahali pa ng'ombe.

Bharati alifanya nini? Alitunga mashairi mawili ya kujibizana. La kwanza linamwimbisha Winch, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, akimfokea Chidambaram: umeeneza kiu ya uhuru nchi nzima, umewatoa watu woga, nitakutupa jela. Ubeti kwa ubeti mashtaka yanapanda. Shairi la pili ni jibu la mfungwa: mwili wangu utaukata vipande, moyo nao utaufanyaje? Tazama ujanja wa utunzi. Mashtaka yale yale ya serikali yanapoghanwa yanageuka kuwa sifa za mshtakiwa. Sisi tuliolelewa na mashairi ya malumbano tunaielewa haraka raha ya mtindo huo.

Kwa nini alikimbilia Pondicherry?

Baada ya Chidambaram, zamu ya gazeti la India ikafika. Mwaka 1908 alikamatwa M. Srinivasan, ambaye kisheria ndiye aliyesajiliwa kama mhariri. Kila mtu alijua anayeandika ni nani. Marafiki walimshauri Bharati aondoke kabla hajafikiwa. Pondicherry ni mji wa pwani, kusini ya Madras, uliokuwa koloni la Wafaransa. Polisi wa Kiingereza hawakuwa na mamlaka mle. Akapanda treni.

Kuna wanaomlaumu kwamba alikimbia ilhali mwenzake aliyeandikishwa jina alikwenda jela. Lawama hiyo ina uzito, na wanaompenda huipita haraka mno. Upande wa pili ni kwamba mtambo wa gazeti ulimfuata, na ndani ya miezi michache India likawa linachapwa tena, sasa kutoka ardhi ya Wafaransa. Waingereza wakajibu kwa kuzuia lisiingie kwenye himaya yao. Gazeti lisilofika kwa wasomaji halina mapato, na Machi 1910 likafa.

Maisha ya uhamishoni yalikuwaje?

Miaka 10, 1908 hadi 1918. Umaskini, mashushushu mlangoni, barua zinazofunguliwa njiani. Mwaka 1910 walifika wakimbizi wengine wawili wakubwa: Aurobindo Ghose kutoka Bengal na V. V. S. Aiyar aliyetokea Ulaya. Bharati na Aurobindo walisoma pamoja maandiko ya kale ya Veda.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mchele. Siku moja Chellamma aliazima mchele kwa jirani, akauacha ili apike. Aliporudi alimkuta mumewe anawamwagia shomoro na kuimba kwa furaha jinsi wanavyodonoa. Simulizi hii husemwa kwa kumsifu mshairi mwenye huruma kwa viumbe. Mimi kila nikiisikia namfikiria mwenye deni kwa jirani.

Na bado miaka hiyo ndiyo iliyozaa kazi zake bora. Panchali Sapatham, yaani kiapo cha Panchali, inachukua kisa cha Mahabharata, utenzi wa kale wa India: mfalme anamweka mkewe rehani katika mchezo wa kamari na kumpoteza, mke anadhalilishwa barazani mbele ya wazee walionyamaza, naye anaapa kulipiza. Sehemu ya kwanza ilitoka 1912. Msomaji wa Kitamil alimtambua mara moja mwanamke yule kuwa India, na wazee walionyamaza kuwa nani. Ziko pia nyimbo za Kannan, ambamo Mungu Krishna anaimbwa kama rafiki, mama, mtumishi, mtoto na mpenzi. Na uko utenzi wa ndege kuyil, wa mapenzi na ndoto, ambao wahakiki hawajaacha kubishania maana yake.

Alikuwa mtu wa mabomu na bastola?

Hapana. Alisimama na Tilak, kiongozi wa mrengo mkali wa Congress, na kalamu yake haikuwa na upole kwa watawala. Tarehe 17 Juni 1911 kijana Vanchinathan alimpiga risasi Robert Ashe, mkuu wa wilaya ya Tirunelveli, katika stesheni ya Maniyachi, kisha akajiua. Polisi waliwatuhumu wakimbizi wa Pondicherry, na ulinzi ukakaza mara dufu. Maandishi ya Bharati yanaonyesha mtu aliyeona mauaji ya aina hiyo hayajengi taifa.

Je, aliwaandikia Waingereza barua ya kuachana na siasa?

Ndiyo, na afadhali lisemwe wazi. Novemba 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vimekwisha, Bharati alichoka na uhamisho akavuka mpaka. Alikamatwa tarehe 20 karibu na Cuddalore. Akiwa jela alimwandikia gavana Lord Pentland kwamba ameachana na kila aina ya siasa. Baada ya wiki tatu na ushee aliachiwa kwa masharti: mahali pa kuishi palitajwa, na maandishi yake yapite kwanza mikononi mwa polisi.

Kuna wanaoificha barua hiyo na kuna wanaoitumia kumchafua. Mtu aliyekuwa na mke na watoto, hana gazeti, hana fedha, baada ya miaka 10 ya kukaa pembeni mwa nchi yake mwenyewe, aliandika alichoona kitamfungulia mlango. Masharti yalipoondolewa mwaka 1920 alirudi moja kwa moja Swadesamitran, gazeti lile lile alikoanzia.

Kabla ya hapo aliishi Kadayam, kijiji cha mkewe. Akiwa huko alisambaza waraka wa kuomba fedha za kuchapa kazi zake zote, vitabu 40. Alihesabu kwamba vitanunuliwa kwa wepesi kama mafuta ya taa na viberiti. Fedha hazikuja.

Aliwahi kukutana na Gandhi?

Mara moja tu, Machi 1919 mjini Madras, katika nyumba ya Rajaji, mwanasiasa wa Congress. Mwandishi Va. Ramaswamy Iyengar, aliyekuwepo, ndiye aliyesimulia. Gandhi ameegemea mto, viongozi wakubwa wamesimama ukutani kwa adabu. Bharati akaingia bila hodi, akasalimu, akaketi kando ya Gandhi kitandani. Akasema: jioni ya leo nitahutubia pwani ya Triplicane, mtaa wa Madras, je, utakuwa mwenyekiti? Gandhi akamuuliza katibu wake, ikaonekana jioni ile ana shughuli. Gandhi akasema: mkutano hauwezi kusogezwa hadi kesho? Bharati akasema hauwezi, akaibariki harakati anayoianzisha Gandhi, akaondoka. Gandhi akauliza: huyu ni nani? Rajaji akajibu kwamba ni mshairi wetu wa nchi ya Tamil. Gandhi akasema inabidi atunzwe, je, hapa hakuna wa kumtunza?

Swali hilo halikupata mtu wa kulijibu, na miaka miwili baadaye mshairi alikuwa amekufa.

Alisemaje juu ya matabaka?

Alizaliwa Mbrahmini, akautupa uzi mtakatifu wa tabaka lake. Akiwa Pondicherry alimvisha uzi huo kijana Kanakalingam, wa tabaka lililokuwa likiitwa haramu kuguswa, akamfundisha na sala inayokatazwa kwa asiyekuwa Mbrahmini. Wimbo wake wa watoto, ambao mtoto wa Kitamil huimba akicheza, unasema hakuna matabaka na kwamba kumtaja mtu kuwa wa juu au wa chini ni dhambi.

Wahakiki wa baadaye wana hoja zao: tungo zake za uzalendo zimejaa miungu ya Kihindu na sifa za nchi ya Waarya, jambo ambalo harakati ya Kidravida ya Tamil Nadu, iliyopinga ubwana wa Wabrahmini, haikulipenda. Cha ajabu, mshairi mkubwa wa harakati hiyo hiyo alikuwa mwanafunzi wake wa Pondicherry, aliyejiita Bharathidasan, mtumishi wa Bharati. Hakulibadilisha jina hilo hadi kufa.

Ni kweli aliuawa na ndovu?

Si hivyo hasa. Katika hekalu la Parthasarathy, Triplicane, palikuwa na ndovu ambaye Bharati alizoea kumlisha. Siku moja mwaka 1921 mnyama alimwangusha. Rafiki yake Kuvalai Kannan akaingia na kumtoa miguuni mwa ndovu. Aliumia lakini akapona, akarudi kazini, na mwishoni mwa Julai alisafiri hadi Erode kuhutubia juu ya mada ya kwamba binadamu hafi. Kilichomuua ni maradhi ya tumbo yaliyoukuta mwili uliokwisha dhoofu. Alifariki usiku wa manane kuamkia tarehe 12 Septemba, ndiyo maana utaona vitabu vingine vimeandika tarehe 11. Waliomsindikiza kwenye mazishi walikuwa watu wachache mno.

Alipataje umaarufu baada ya kufa?

Kwa nyimbo. Chellamma na ndugu walianza kuchapa vitabu kwa taabu, na wanaharakati wakaziimba tungo zake kwenye maandamano. Mwaka 1928 serikali ilikamata vitabu vyake, na mwanasiasa wa Congress, Satyamurti, akalipigania suala hilo katika baraza la Madras. Kukamata karatasi kulikuwa kazi bure. Beti zilikwisha shikwa kwa moyo.

Wimbo mmoja aliutunga kwa mahadhi ya wakulima wa mashamba ya mpunga: tucheze na tuimbe, kwani uhuru tumeupata. Aliutunga akiwa bado anaishi chini ya Waingereza. Uhuru ulipowadia Agosti 1947, mwimbaji D. K. Pattammal aliuimba redioni. Mwaka 1949 serikali ya Madras ilichukua haki za kazi zake, na baadaye zikawa mali ya umma.

Ana uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Hakuwahi kufika. Ila ana shairi linalotugusa, la wanawake wa Kihindi waliopelekwa Fiji kwenye mashamba ya miwa kwa mikataba ya utumwa. Anauliza upepo kama umewasikia wakilia. Mfumo huo huo wa mikataba uliwaleta vibarua wa Kihindi kujenga reli ya Mombasa hadi ziwa Victoria, ingawa wengi wa hao walitoka Punjab.

Nianze na shairi lipi?

Anza na la cheche: ameiona cheche ndogo, akaiweka kwenye tundu la mti msituni, msitu wote ukateketea, je, katika moto kuna mdogo na mkubwa? Mistari yake haijazi kiganja. Kisha usikilize lile la kutoogopa kitu hata mbingu zikiporomoka. Nimesema usikilize. Nyingi ya nyimbo zake alizipangia mahadhi mwenyewe, na waimbaji wa Carnatic, muziki wa jadi wa kusini mwa India, wamezirekodi kwa wingi, hivyo hata usipojua neno la Kitamil utapata kitu. Panchali Sapatham iache mpaka uwe umesoma japo muhtasari wa Mahabharata, la sivyo utapotea kwenye majina.